Umeme wa Mstari wa Kola

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka fundi cherehani, mama wa watoto wawili, aliyeshona kola za mashati kiwandani. Kola tu, miaka nenda miaka rudi. Wenzake walimwita Umeme, kwa jinsi mikono yake ilivyokimbia.

Uongozi ulipoleta bonasi, Umeme alishangilia. Lakini bonasi ile ilikuwa ya mstari mzima wa mashine. Nirudie, wasikilizaji: ya mstari mzima. Mmoja akichelewa, wote wanakosa. Mumewe anakumbuka alivyoingia nyumbani akicheka. "Aliniambia, 'Baba watoto, sasa wavivu watakiona cha mtema kuni.'"

Na walikiona. Binti mmoja mjamzito, aliyekwenda msalani mara kwa mara, aliondolewa kwenye mstari. Aliyemshtaki kwa msimamizi ni Umeme. Dada yake hafichi: "Marehemu alikuwa mkali. Kwake haki ilikuwa kila mtu kula jasho lake."

Kisha kifua kikaanza kumbana. Anashona, anasimama, anashika meza, anatafuta pumzi. Kola zikarundikana mbele yake. Wenzake wakapunguza salamu, halafu wakaziacha kabisa. Dada yake alimsihi aende hospitali. Akajibu, "Nikikosa leo, wote wanakosa. Watanitafuna mzimamzima."

Asubuhi ya Jumatatu akaenda kazini. Fundi aliyeketi nyuma yake alituambia haya huku akifuta machozi: "Nilimwambia, 'Dada, kaza mkono, unatuangusha.' Hakunijibu. Nikadhani amenuna."

Hakuwa amenuna, wasikilizaji. Alikuwa amelaza kichwa juu ya kola, na hakukiinua tena.

Mashine zilizimwa hadi mwili ulipotolewa. Mwisho wa mwezi, mstari ule ukanyimwa bonasi kwa sababu ya muda uliopotea. Nirudie: kwa sababu ya muda uliopotea. Mstari wa jirani ndio ulioipata. Meneja alipowapongeza, hakuna aliyepiga makofi. Waliinama, wakaendelea kushona.

Kwa mume, watoto na dada wa marehemu: poleni sana, tuko pamoja nanyi. Nanyi mafundi wa mstari wa kola, poleni. Msiba wenu una mzigo wake.

Na wewe unayetusikiliza ukiwa kazini, mtazame aliye karibu nawe. Mkono wake ukilegea leo, kabla hujapiga hesabu ya anachokupotezea, muulize: "Mwenzangu, unaumwa?"