Gari Moshi Lililompeleka Kabula Kwenye Mtihani Bila Mimi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na asifiwe tena kwa wale wa mlango wa nyuma, maana sijawasikia vizuri.

Wengi mnanijua. Mimi ni Mama Kabula wa hapahapa Isaka, yule anayeuza mayai ya kuchemsha na kuku wa kukaanga pale stesheni. Mzee wa kanisa ameniomba niwe mfupi. Nitajitahidi, lakini Mungu hakunitendea jambo fupi.

Ndugu zangu, wako waliosimama hapa wakashuhudia kwamba Bwana amewatoa kwenye pombe. Wako aliowatoa kwenye uganga. Mimi Bwana alinitoa kwenye wasiwasi wa mtihani, na mtihani wenyewe haukuwa wangu, ulikuwa wa mwanangu.

Kabula alipokuwa darasa la tano, siku moja gari la kutoka Tabora lilisimama, nikapeleka ndoo yangu dirishani kama kawaida. Ndani alikuwamo mama mmoja mwalimu, mwenye miwani. Alipokuwa anamenya yai akaniuliza kama nina watoto shuleni. Nikamwambia ninaye binti anayependa kusoma mpaka anasahau ugali jikoni. Yule mama akaniambia neno ambalo sijalisahau: "Usingoje matokeo ya serikali ndipo uanze kutafuta shule. Nafasi za serikali ni chache mno. Ziko sekondari za binafsi, zina mtihani wao wa kujiunga. Mwandikishe mapema, na umtayarishe kuanzia sasa."

Nikataka kumuuliza huo mtihani unauliza nini. Gari likaondoka naye.

Hapo ndipo taabu yangu ilipoanza. Kila gari lililosimama Isaka, badala ya kuwauliza abiria kama wanataka mapaja au mabawa, mimi nikawa nawauliza mtihani wa sekondari ya binafsi una maswali gani. Na ndugu zangu, mtu mwenye njaa hujibu chochote! Karani mmoja akasema ni hesabu tupu. Askari mmoja akasema hawaulizi hesabu kabisa, wanauliza majina ya mawaziri na wizara zao. Mzee mmoja mwenye koti akaniapia kwamba swali la kwanza ni umbali wa kutoka hapa mpaka kwenye jua. Mwingine akasema mtoto ale vichwa vya samaki, akili iko huko. Na mwingine, akitafuna yai langu mwenyewe, akanionya kwamba mtoto anayekula mayai atapata yai kwenye mtihani, yaani sifuri. Mimi muuza mayai nikampiga marufuku mwanangu kugusa yai, hata lililopasuka.

Kila jioni nilirudi nyumbani na mafundisho mapya. Kabula akakariri mawaziri. Walipobadilishwa, akakariri upya. Akala vichwa vya sangara na sato kutoka Mwanza mpaka baba yake akauliza miili ya samaki hao inaliwa na nani.

Kisha kijana mmoja aliyevaa tai akaniambia siri kubwa. Akasema kwenye mahojiano wanamsikiliza mtoto anavyotamka, na sisi Wasukuma wanatukamatia kwenye herufi moja. Akanitaka niseme jina la chombo alichopanda. Nikasema, "Leli." Akatikisa kichwa kwa huruma. Ndugu zangu, nimezaliwa kando ya hiyo reli, nimekula kwa hiyo reli, na siku hiyo nikagundua sijawahi kuitaja sawasawa! Nyumba yangu ikageuka shule ya herufi hiyo moja. Tulikuwa tunapepeta mchele tukisema reli, rula, karatasi, ramani. Mimi ulimi ulikataa, lakini wa Kabula ukalainika.

Baadaye nikatangaza kwamba Jumamosi nyumbani kwetu ni Kiingereza tu. Mimi Kiingereza changu kilikuwa cha makondakta wa treni, yesi, no, na tikiti. Kabula aliongea peke yake, mimi namwitikia yesi. Baba Kabula, ambaye ni mtu mtaratibu, hakugombana na mtu. Kila Jumamosi alichukua sahani yake akaenda kula zizini. Akasema ng'ombe wanamwelewa.

Mnacheka, lakini sikilizeni sasa palipo na uchungu. Kabula akamaliza darasa la saba. Majina ya waliochaguliwa na serikali yakabandikwa pale shuleni, nasi tukaenda kuyatazama. Jina lake halikuwamo. Hakulia mbele za watu. Alirudi nyumbani, akachukua jembe, akaenda shambani kulima mchana kweupe, jua linachoma. Mimi nikamwona kwa mbali mabega yanavyotikisika.

Na kumbe palikuwa na bwana mmoja wa Nyahanga, pale Kahama, mtu wa makamo mwenye ng'ombe wengi. Alikuwa amefika kwetu mara mbili akijifanya anaulizia mbegu za pamba, macho yako kwa Kabula. Baada ya matokeo akaja mara ya tatu, na safari hii hakutaja pamba. Baba Kabula si mtu mbaya, ndugu zangu. Aliniita tukakaa chini ya paa la banda, akasema, "Mama Kabula, umeniambia kuna mtihani mwingine, na umemwandikisha tangu mwaka jana. Sawa. Aende akaufanye. Akishinda nitauza ng'ombe asome. Asiposhinda, yule bwana atapata jibu lake wakati wa mavuno."

Nafasi moja tu! Tangu siku hiyo sikulala. Nilifunga na kuomba, lakini nawaambia kweli, ile haikuwa imani, ilikuwa hofu iliyovaa kitenge cha kanisani.

Shule ilikuwa Shinyanga mjini. Mtihani ungefanyika asubuhi, kwa hiyo nikapanga tuondoke siku moja kabla, tulale kwa shangazi yake. Nilipanga kila kitu. Kalamu na rula nilizifunga kwenye kona ya khanga yangu ili zisipotee. Viatu vyake, vile pekee, nilivitia kwenye kikapu changu ili visichakae njiani. Nikapika ndoo nzima ya mayai na kuku kwa ajili ya wenyeji wetu, maana miaka ile huendi kwa mtu mjini mikono mitupu, dukani hakuna kitu. Gari lilitarajiwa asubuhi, likaja alasiri. Tukapanda. Ndugu zangu, miaka yote ile nimekaa stesheni, lakini hiyo ilikuwa safari yangu ya kwanza ndani ya gari moshi!

Tukafika kwenye kistesheni kimoja kidogo kabla ya Shinyanga. Gari likasimama kungoja lingine lipite. Tukakaa. Watu wakaanza kuchungulia nje wakitafuta chakula, na pale hapakuwa na muuzaji hata mmoja. Harufu ya kuku wangu ikatembea behewa zima. Mtu mmoja wa behewa la pili akaniona dirishani na ndoo, akaita, "Mama, mayai."

Sikuwaza. Miguu ndiyo iliyowaza. Tangu nijue kuuza, mayai huuzwa mtu akiwa chini na abiria akiwa juu. Nikachukua ndoo na kikapu, nikashuka. Nikauza dirisha hili, nikauza dirisha lile, nikafika mpaka mabehewa ya mwisho. Biashara haijawahi kuwa tamu hivyo! Kisha honi ikalia. Na masikio yangu, yaliyozoea, yakasikia kama kila siku, kwamba mauzo yamekwisha. Nikarudi nyuma hatua chache nisikanyagwe na magurudumu, nikafunika ndoo, nikawapungia abiria safari njema. Behewa letu likapita mbele yangu. Nikampungia na Kabula.

Kabula naye akanipungia. Alifikiri nimepanda nyuma!

Gari lilipokuwa dogo kule mbele ndipo akili ilipofika. Mwanangu anakwenda mjini peke yake, hajawahi kulala nje ya Isaka. Kalamu zake ninazo mimi. Viatu vyake ninavyo mimi. Hata vichwa vya samaki vya asubuhi vimo ndooni. Nilikimbia kwenye mataruma ya reli mpaka pumzi ikaniishia, nikarudi, nikamkuta mkuu wa kistesheni anakunja bendera yake. Akaniambia gari jingine la abiria ni keshokutwa. Akanionea huruma, akanionyesha benchi.

Nikapiga magoti pale kwenye benchi, nikaanza kuomba. Ndugu zangu, nilimpa Bwana maelekezo! Nikamwambia, Bwana, akishuka akate mkono wa kulia, apite msikiti, nyumba ya shangazi ina mlango wa bluu, lakini milango ya bluu iko miwili. Nikamwambia Kabula asinywe maji ya mtaroni. Nikamkumbusha mawaziri. Nikamkumbusha umbali wa jua. Nikamweleza Mungu aliyeliumba jua umbali wa kwenda kwenye jua! Nikaomba mpaka sauti ikakauka na maneno yakaniishia, sikuwa na la kuongeza. Pakawa kimya. Na katika kimya kile nikasikia ndani ya moyo wangu, kwa upole kabisa, bila ukali wowote:

"Mama Kabula, umemaliza?"

Nikasema, "Ndiyo, Bwana. Nimemaliza."

Na hapo mzigo ukanitoka! Tangu darasa la tano nilikuwa nimeubeba, ukanitoka kama mtu anayetua ndoo ya maji kichwani. Nikalia, kisha nikajilaza kwenye benchi, nikalala usingizi ambao sikuwa nimeupata kwa muda mrefu.

Alfajiri likaja gari la mizigo, mabehewa matupu ya ng'ombe yanakwenda Shinyanga kupakia. Gadi wake, yule msimamizi anayekaa behewa la nyuma, ni mteja wangu wa siku nyingi. Nikamsalimia, nikamweleza. Akasema hana pa kuniweka ila walipokaa ng'ombe, na kwamba hapajafagiliwa. Nikamwambia, baba, hata wangekuwamo ningepanda. Akanikubalia kwa mapaja mawili ya kuku.

Nikafika shuleni, na mtihani umekwisha kuanza. Mwalimu wa zamu akanipokea kwa heshima, akanisogezea kiti, kisha akaangalia upepo unavuma kutoka wapi, akakihamishia upande wa pili. Sikumlaumu. Miaka ile sabuni ilikuwa ya kutafuta kwa tochi, na mimi nilinuka zizi zima. Nikamwuliza kama yumo mtoto anaitwa Kabula. Akaniruhusu nichungulie dirishani.

Nikamwona! Yuko mstari wa mbele, miguu mitupu, kalamu ya kuazima mkononi, anaandika. Akainua macho, akaniona. Mimi nikainua viatu juu nimwonyeshe nimeleta. Akatabasamu kidogo, akainama, akaendelea kuandika. Ndugu zangu, hakuvihitaji.

Baadaye akanisimulia. Alipoona sipo alimwendea mama mmoja behewani, akamsalimia, akamwelezea. Yule mama akamfikisha kwa shangazi. Asubuhi akaja shuleni mwenyewe, akaomba kalamu kwa jirani yake wa dawati. Mtihani ulikuwa hesabu, Kiswahili na Kiingereza, basi. Hakuna waziri aliyetajwa. Jua halikuulizwa.

Kisha akaitwa kwa mkuu wa shule kwa mahojiano. Mkuu akamwuliza, "Binti, umekuja na leli?" Kumbe alikuwa Msukuma mwenzetu! Kabula akaona si adabu kumsahihisha mtu mzima, akamjibu, "Ndiyo, shikamoo, nimekuja na leli." Mkuu akamwuliza kama hakuogopa kusafiri peke yake na kusimama mbele ya watu wageni. Akamjibu hivi: "Mama yangu alikuwa ananipeleka stesheni kila likizo kuuza mayai, abiria wananiuliza maswali. Wageni nimewazoea."

Mnaona, ndugu zangu? Yale yote niliyoyahangaikia, vichwa vya samaki na Kiingereza cha Jumamosi, Mungu aliyaweka kando. Akachukua kitu kimoja ambacho mimi sikukipanga kabisa, akakitumia.

Majibu yalikuja, Kabula amepita! Siku hiyo Baba Kabula alivaa shati lake la Jumapili, akapanda baiskeli mpaka Nyahanga, akamwambia yule bwana mwenyewe kwamba binti yake ana shule. Aliporudi alikwenda zizini, akasimama muda mrefu akiwatazama ng'ombe wake, akichagua. Alimchagua yule jike aliyempenda kuliko wote, maana ndiye angenunuliwa haraka. Siku ya kumpeleka shule alibeba godoro la mwanawe kichwani kutoka stesheni mpaka bwenini, akakataa kusaidiwa. Tangu hapo sijawahi kumsikia akilalamika hata kwa ada moja.

Sasa wazazi wenzangu, nisikilizeni. Nawaambia kama yule mama mwalimu alivyoniambia, anzeni mapema. Mwandikisheni mtoto kabla wengine hawajaamka. Nunueni kalamu, tafuteni mwalimu wa kumfundisha hesabu jioni, mabinti pia, tena mabinti hasa. Fanya yote yaliyo mkononi mwako. Halafu yale yasiyo mkononi mwako, mpe Bwana, na ukishampa usimfuate nyuma ukimwelekeza njia. Wewe unayekonda leo kwa ajili ya mtoto, njoo mbele hapa tukuombee. Usione haya. Mimi mwenyewe nitakushika mkono.

Kabula, simama mwanangu, watu wakuone. Huyo hapo! Amemaliza kidato cha nne, na Jumanne anapanda gari kwenda chuo cha ualimu, mbali, mkoa ambao mimi sijawahi kufika. Ameniomba nimsindikize mpaka stesheni tu, nisipande. Nimekubali, ndugu zangu. Roho inadunda, siwafichi. Lakini nimekubali, nitasimama pale chini nimwangalie akienda.

Jumanne mnikumbuke kwenye maombi. Utukufu wote ni wa Bwana, na mwitikie wote, hata wa mlango wa nyuma!