Saini Arobaini na Saba za Mgongo wa Larkin

Mheshimiwa Meya wetu wa Marlow Creek, Bibi Ostrander. Bwana Afisa wa Misitu, uliyetuvumilia miaka yote hii tukipekua mashina ya miti yako. Mwenyekiti na kamati ya Chama cha Wasakaji Vificho. Wageni mliovuka mto Kolumbia kuja kula nasi. Wasakaji wakongwe wenye magoti mabovu na wasakaji wapya wenye simu nzuri. Watoto mliojificha chini ya meza ya pai, ambao nawaona. Na wewe mwenye shughuli, ndugu yetu Orville Stenberg: habari za mchana huu, na poleni na mvua.

Kabla sijaanza, chungu cha maharage kule mwisho kina moto kweli kweli, msikishike kwa mikono mitupu. Na Karin, mwanangu, kaa. Mimba ya miezi saba haisimami ukutani. Mpisheni kiti, tafadhali. Ahsante.

Kamati imeniomba niseme maneno ya kumuaga Orville. Sikusoma sana, niliacha shule nikaenda kupanga mapeari kwenye maboksi, kwa hiyo maneno haya nimeyaandika siku nne mezani jikoni, na niliyofuta ni mengi kuliko mnayoyasikia. Nikisimama katikati msiogope. Natafuta mstari tu.

Wote mmelisoma tangazo lake. Orville ameandika hivi: "Baada ya miaka ishirini na tatu, mchezo huu hauna raha tena kwa mtu wa zamani. Sanduku la Mgongo wa Larkin nalishusha Jumatatu. Msiniombe." Basi mimi nimekuja kumwomba. Na kabla ya kumwomba nina jambo la kumwambia.

Bibi Meya, wewe mchezo wetu hujaucheza, nikuelezee kidogo. Mtu anakwenda porini, anaficha sanduku lenye kitabu, halafu anatangaza tarakimu za mahali pale. Wengine wanazifuata tarakimu kwa kifaa cha setilaiti, wanalitafuta sanduku, wanatia saini kitabuni, wanalirudisha kama lilivyokuwa. Basi. Hakuna zawadi. Mume wa dada yangu aliniuliza mwaka ule wa kwanza, "Yaani mnapanda mlima mzima kwenda kuandika jina?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Mngeandika nyumbani."

Lakini ndugu zangu, mnaukumbuka mwaka 2001? Vile vifaa vya njano, vizito kama kopo la rangi, vinavyopoteza setilaiti kila ukiingia chini ya misonobari? Mnakumbuka tulivyochapisha karatasi, tukazitia kwenye mfuko wa sandwichi, mvua ikaingia hivyo hivyo? Vificho jimbo zima la Oregon ungeviorodhesha kwenye karatasi moja, na wilaya yetu ilikuwa na kimoja tu: sanduku la chuma la kuwekea risasi za bunduki, la kijani, ambalo Orville alilibeba begani kutoka kiwanda cha mbao mpaka juu mlimani, Mgongo wa Larkin.

Mwaka huo baba yake Karin alikuwa ametuondokea. Karin alikuwa na miaka tisa na hakuwa akisema nami zaidi ya "ndiyo" na "sijui". Kule kwenye ghala la mapeari mtu akaniambia kuna fundi mashine wa kiwanda cha mbao anaazima kifaa chake kwa yeyote anayetaka kujaribu. Nikakiazima. Nikaingiza tarakimu, na mbili nikazigeuza. Tukatembea saa nzima, Karin mbele, mimi nyuma nikimwita asisogelee ukingo, mpaka tukatokea kwenye machimbo ya kokoto. Nikasikia honi. Kumbe Orville alikuwa anatufuata na gari lake, tangu chini, kwa wasiwasi wa kifaa chake.

Akatoa kichwa dirishani. "Mama, sanduku liko kaskazini. Au umekuja kuchimba?"

Karin akacheka. Ndugu zangu, miezi mitano sikuwa nimeisikia sauti ile.

Tulipolipata sanduku siku hiyo, kanuni ilikuwa ukichukua kitu uache kitu cha thamani sawa au zaidi. Karin akachukua mjusi wa plastiki, na kwa kuwa hakuwa na kitu kingine mfukoni, akaacha jino lake la utotoni alilokuwa analibeba kwenye karatasi. Wiki iliyofuata Orville akanisimamisha dukani. "Mama Karin, lile jino."

"Limefanya nini?"

"Nani atachukua jino? Na akilichukua, ataacha nini chenye thamani zaidi?"

Ndivyo tulivyoanza. Sitaki kuwachosha kwa hadithi za asubuhi ambazo kificho kipya kilitangazwa na magari sita yakakimbizana kuwahi saini ya kwanza, na Orville akafika wa kwanza akiwa na uji kidevuni. Sitaki kusema juu ya kitabu cha Larkin chenyewe, ingawa kile naweza kukisoma kama wengine wanavyosoma magazeti. Watu waliandika kurasa mbili nzima. Waliandika walimwona kulungu gani, walikula nini pale juu, nani kaoa, nani kapata kazi. Mtu mmoja aliandika kwamba amepanda ili asiwe nyumbani siku anapouzwa farasi wake. Orville alikuwa anapanda kila mwisho wa mwezi na chupa ya chai kwenda kusoma tu.

Sasa je, raha ile bado ipo? Swali la Orville ni la haki, na sisi wa zamani tusijifanye hatulielewi. Vificho leo viko elfu na elfu. Vingi ni vidude vidogo kama ncha ya kidole, vimebandikwa kwa sumaku chini ya nguzo za taa kwenye maegesho ya maduka. Mtu anashuka, anaandika herufi mbili, anapanda gari, anahesabu. Mimi mwenyewe nimeshakwenda siku moja nikapata vificho hamsini, na niliporudi nyumbani Karin akaniuliza nimeona nini. Nimeona nguzo. Kwa hiyo Orville, hapo nakuunga mkono, na wakongwe hapa wanaitikia kwa vichwa, nawaona.

Lakini hukuchoka kwa ajili ya nguzo za taa. Hilo nalijua mimi na unalijua wewe. Wewe umechoka tangu ule mkutano wa miaka mitatu iliyopita, humu humu ukumbini. Na hapo ndipo nilipokwama siku tatu kati ya zile nne za kuandika.

Niseme polepole ili wasiokuwapo waelewe. Miaka sita iliyopita, Februari, Orville alipasuliwa goti. Mwezi ule ule watu watatu, mmoja baada ya mwingine, wakaandika kwenye mtandao kwamba sanduku la Larkin halionekani. Mnajua utaratibu: hayo yakizidi, mwenye kificho anatakiwa aende akahakikishe. Na mnamjua Orville. Mkewe aliniambia keshaulizia magongo ya kutembelea thelujini.

Nikapanda mimi. Nilikuta upepo umelaza msonobari mkubwa juu ya mahali pale pote. Nilitafuta saa mbili, mikono ikafa ganzi. Nikasema limeibwa. Nikasema nikimwambia limeibwa, atapanda na goti lile jipya, atateleza, na nitakuwa nimemuua mimi. Nilikuwa na kichupa changu cha dawa za presha mkobani. Nikamimina dawa mfukoni, nikabandua karatasi yenye jina langu, nikatia kipande kirefu cha karatasi tupu na kalamu fupi ya risasi, nikakichomeka kwenye mizizi hatua kumi kutoka pale. Halafu nikampigia simu.

"Orville, kificho kipo. Tulia."

Akasema, "Umekiona kwa macho yako?"

Nikasema, "Kwa macho yangu."

Akasema, "Ahsante, Verna. Wewe ndiye mtu pekee ninayemwamini huko juu."

Ndiyo. Nisubirini kidogo.

Bibi Meya, sisi kitendo kile tunakiita kutupia. Hujakiona kificho cha mwenzako, unatupia chako, watu wanatia saini kwenye cha uongo na cha kweli kinakaa. Hakuna jambo tunaloliona baya zaidi. Mtoto wa miaka sita anafundishwa asitupie. Na mimi niliyewafundisha watoto wengi mliomo humu, ndiye niliyetupia.

Miaka mitatu watu wakapanda Larkin, wakakuta kichupa, wakatia saini kwa moyo safi. Halafu goti la Orville likapona. Akapanda na mnyororo wa kukokotea, akausogeza ule msonobari, na sanduku lake lilikuwa chini yake, kavu, zima, na kitabu ndani kimeishia Januari ya miaka mitatu nyuma. Na kwenye mtandao, majina arobaini na saba ya watu wanaosema wamefika.

Aliyafuta yote arobaini na saba.

Wendell Pruitt, umesimama mlangoni, usiondoke. Wendell na mkewe waliwapandisha mapacha wao kule, kificho cha mia cha watoto wale, wakawapikia keki. Kikafutwa. Wendell akaja mkutanoni hapa akasema, "Mzee, tulifika. Tulitia saini tulichokikuta." Orville akakitupa kichupa mezani, akasema, "Mlichokikuta ni takataka, na aliyeiweka ni mwenzenu. Nani aliiweka? Aseme." Mimi nilikuwa nakata pai. Niliendelea kukata, vipande vikawa vyembamba, vyembamba, mpaka Karin akaniuliza, "Mama, unawagawia wangapi?"

Sikusema. Niliogopa kupoteza watu wote nilionao, maana ninyi ndio watu nilionao. Wendell na familia yake hawakurudi. Wengine wakaacha. Orville akaanza kuamini kwamba watu wanadanganya, kwamba siku hizi hakuna anayepanda, wanabonyeza simu wakiwa wamekaa kwenye kochi. Na mtu akishaamini hivyo, chai ya pale juu itakuwa na raha gani?

Orville, niliweka mimi. Goti lako halikuwa na kosa, watu wale hawakuwa na kosa, na mchezo haukuwa na kosa. Niliongopa mara moja kwa simu, na mara ya pili kwa kukata pai. Naomba radhi kwako, na kwako Wendell, mbele ya Meya na mbele ya kila mtu. Kamati ikitaka kuniondoa kwenye chama, nimeshasafisha masufuria yangu, nitaondoka nayo.

Lakini kabla ya hapo. Siku ile nilipofuta meza, kichupa nilikitia kwenye aproni. Hiki hapa. Wewe hukukifungua, Orville. Ulikichukia mno hata usikifungue. Karatasi yake ikinyooshwa ina urefu wa mkono wangu, na imejaa pande zote mbili. Nisome kidogo, masikio yenu yanivumilie.

"Mzee wa Larkin, tumeambiwa wewe hupenda kujua: kulungu watatu, dume mmoja." "Nimepanda na mama yangu, ana miaka sabini na nane, amekataa kushikwa mkono." "Mvua njia nzima. Kesho nafungua duka langu. Niombeeni." Na hii, mwandiko wa penseli, mkubwa, umechukua nafasi ya watu wanne: "Tumefika wote. Baba amelia kidogo lakini anasema ni upepo. Tilda na Bram Pruitt."

Wendell, sikujua kama ningeisoma hiyo. Samahani.

Orville, walikuwa wanakuandikia wewe. Nafasi ilikuwa finyu, wakaandika hivyo hivyo. Ukilishusha lile sanduku kwa sababu miguu imechoka, nitakuja Jumatatu tulibebe wote, nami nitashika upande mzito. Lakini usilishushe kwa sababu unadhani hawakupanda. Walipanda. Mimi nakuomba uyarudishe majina yao, na sanduku ulimpe mtu mwingine alitunze, yeyote utakayemtaka, hata kama si mimi, na hasa kama si mimi. Chukua. Karatasi ni yako.

Karin, mpelekee. Hapana, kaa wewe, nitampelekea mwenyewe.

Haya. Anatafuta miwani. Mwacheni aitafute, iko kichwani, Orville. Ndiyo, hapo.

Jamani, tulieni kidogo... Anasema nini? Anamwita Wendell. Wendell, nenda, hatakuuma. Mpeni nafasi apite. Amemwuliza walipitia upande gani na watoto wadogo vile, maana njia ya mashariki ilikuwa imeporomoka mwaka ule. Wendell anasema walipitia kwenye machimbo. Orville anasema haiwezekani, kule ni mwinuko mkali. Wendell anasema walipanda, mmoja begani, mmoja anavutwa kwa kamba. Orville anasema, "Kamba ya namna gani?"

Nilikuwa na ukurasa mmoja zaidi wa sifa zake, ndugu zangu, lakini naona hawa wawili hawanisikii tena, na ukurasa wenyewe nitampa akausome nyumbani. Mheshimiwa Meya, Mwenyekiti, wageni wetu, na ninyi wengine wote mliobaki mkinisikiliza, nawashukuruni kwa subira yenu. Piteni mezani mle. Chungu cha maharage kimepoa sasa, mnaweza kukishika.