Kope Zinazotazama Nje

Wapendwa, mwenyekiti wetu amenipa dakika chache, na kwa kuwa ananijua, ameketi karibu na swichi ya kipaza sauti. Nitajitahidi. Nimesimama hapa kumshukuru Mungu kwa ajili ya kope. Mmesikia vizuri. Si nyumba, si viza, si mume. Kope. Na ninyi dada zangu wa mstari wa mbele, mliobandika zenu jana hapa hapa Peckham, msiogope, sikuja kuwasema. Mmependeza. Ila wakati ninyi mnabandika, mimi nilikuwa nang'oa.

Nimezaliwa upande wa Kongwa, Dodoma. Wanaopajua wanajua vumbi la kule, maji ya kufuata mbali, na nzi wanaotulia machoni mwa watoto kama wamelipa kodi. Kule kuna ugonjwa tunauita vikope. Mtoto anaugua macho, anapona, anaugua tena, anapona, watu wanasahau. Lakini ndani ya kifuniko cha jicho linabaki kovu. Miaka inavyokwenda kovu lile linajikunja, linavuta kifuniko kuelekea ndani, na kope zinafuata. Zile nywele zilizowekwa zilinde jicho zinageuka kulichoma. Kila ukipepesa, zinakwaruza kioo cha jicho. Ndugu zangu, nawaambia, tangu nianze kusema mmeshapepesa mara ngapi? Mama yangu mzazi alipepesa hivyo mpaka vioo vikawa vyeupe. Leo haoni hata jua.

Kwangu yalianza nikiwa huku London, binti yangu ameshaingia sekondari. Upepo ukivuma kituoni pa basi, nafumba. Taa za dukani zinanichoma. Bibi wa Kizungu ninayemtunza kule Kilburn akaniuliza kwa upole kama mume wangu ananipiga, maana kila asubuhi naingia machozi yananitoka. Nikamwambia sina mume. Akasema, "Basi unalia nini?"

Nilijua ni nini. Nilichukua kibano cha nyusi, nikasimama mbele ya kioo cha bafuni nikang'oa, kama nilivyomwona mama aking'olewa na shangazi. Unapata nafuu kidogo. Kisha zinaota tena, fupi, ngumu, kama mabua baada ya mavuno, na hizo ndizo zinazochoma kweli kweli. Jicho la kulia likaanza kuona ukungu. Maandishi kwenye dawa za yule bibi yakawa yananikimbia, ikabidi niyasogeze dirishani. Niliogopa, wapendwa. Nimekuja mbali kote huku, na upofu wa mama yangu umenifuata mpaka bafuni kwangu!

Basi nikamwambia binti yangu ampigie daktari. Kiingereza cha kazini ninacho, lakini cha simu, mnanielewa wenyewe. Nikamwambia, "Waambie mama ana vikope, anataka kuonana na mtaalamu." Nikaingia jikoni kugeuza chapati. Akanifuata huko. "Mum, wamesema si ugonjwa. Watu wengi wako hivyo. Wamesema usijali."

Usijali! Nikakaa chini. Nikajiambia, kama nchi yenye hospitali hizi zote imesema vikope si ugonjwa, mimi ni nani nibishe? Nikarudia kibano changu, miezi ikapita.

Ikafika siku yangu ya kuzaliwa. Binti yangu akaniletea kiboksi kilichofungwa utepe, amekinunua kwa fedha yake ya kazi za Jumamosi. Nikafungua. Ndani mna kope za kubandika, na kichupa cha mafuta ya kukuzia kope. Jamani! Nilimkazia lile jicho langu zima. "Hivi ni vitu gani?" Akasema, "Si uliniambia una kope ndogo? Hata yule wa simu nilimwambia hivyo hivyo: my mum has small eyelashes."

Vikope. Mwanangu amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia, ila anajibu kwa Kiingereza. Na alitafsiri kama nilivyomfundisha mwenyewe: nyumba, kijumba, mlima, kilima, kope, vikope. Sarufi yake haikuwa na kosa hata moja! Nilicheka nikaishiwa nguvu, kisha nikalia, na kulia kwenyewe kunauma. Nikamvuta mpaka dirishani, nikainua kifuniko cha jicho kidogo. Alipoona zile nywele zimelala juu ya jicho langu, alisogeza uso karibu zaidi. Kisha akauliza kwa Kiswahili, mtoto asiyesema Kiswahili, "Mama, hivi ndivyo bibi alivyopofuka?" Nikamwambia ndiyo. Safari hii hakupiga simu. Tulikwenda wote hospitalini, akanishika mkono njia nzima.

Daktari wa macho alikuwa dada kijana mwenye hijabu. Alinigeuza kifuniko, akatazama, akawaita wenzake. Alisema kitu hiki alikuwa amekisoma tu vitabuni. Kisha akatuonyesha kwenye skrini jinsi kope zinavyopaswa kuwa, na ndugu zangu, mimi nilisahau maumivu. Kila ukope mzizi wake una mishipa ya fahamu. Vumbi likigusa ncha tu, jicho limefumba kabla wewe hujajua. Pale mizizini kuna vifuko vya mafuta. Za juu zimepinda kwenda juu, za chini zimepinda kwenda chini, ili zikikutana zisishikane. Zinaanguka zenyewe, zinaota nyingine, zinajua pa kukomea, hazimhitaji kinyozi. Kichwa changu kimejaa mvi. Kope zangu nyeusi ti! Watu husema macho hayana pazia. Mimi siku ile nilibisha. Yana pazia, na aliyelishona hakukosea hata uzi. Yeye aliyeumba milima alikaa akapinda kope, moja moja. Nikikumbuka hilo, mwili unanisisimka mpaka leo.

Walitia ganzi, wakakata kifuniko kwa ndani, wakakigeuza nje wakashona. Ukungu wa jicho la kulia haukuisha wote, sitawadanganya. Lakini haukuongezeka. Siku ya kwanza kurudi kazini, nilisimama kituoni pa basi, upepo ukanipiga usoni na mvua ndani yake. Nikaacha macho wazi. Matone yakanasa kwenye kope zangu, nikayaona.

Nawashukuru madaktari wale. Namshukuru yule bibi wa Kilburn aliyeuliza. Nawashukuru ninyi mlioniletea vyakula jicho likiwa limefungwa, ingawa wali wa mmoja wenu ulikuwa na chumvi, simtaji. Ninachowaachia ni hiki: mficha maradhi kifo humuumbua. Na ukishasema, usiingie jikoni. Kaa usikilize kama umeeleweka.

Mwaka jana tulikwenda Kongwa, mimi na binti yangu. Mama alikuwa ameketi mlangoni. Tulimsimulia yote, akacheka sana. Kisha akaninyooshea mkono usoni, akapitisha kidole taratibu. "Zinatazama nje," akasema. Nikajibu, "Zinatazama nje, mama." Akamwita mjukuu wake, akampapasa na yeye, zile kope ndefu ambazo hazijaugua hata siku moja. Alikaa na kidole pale muda mrefu.

"Hizi si vikope, mjukuu wangu," akasema. "Hizi ni kope."