Orpah Moraa, Mama Vifurushi, Anatuachia Mfumo Mpya

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Orpah Moraa, mkuu wa Kitengo cha Data, atarudisha funguo za ofisi baada ya kulitumikia Shirika la Afya Ziwani kwa miaka thelathini na mmoja. Alianzia Migori akiwa karani wa masjala. Anaondokea Homa Bay akiwa mtu ambaye wagonjwa wetu wengi hawamjui hata kwa jina, ingawa rekodi zao zote zimepita mikononi mwake.

Alipotoka kwao Kisii alijua neno moja tu la Kidholuo, nalo lilikuwa la salamu. Akina mama wauza samaki ndio waliomfundisha mengine, na hadi leo akiongea Kidholuo utadhani anaomba kupunguziwa bei. Ni Msabato wa kweli: mtambo ukikwama Ijumaa jua likishatua, sote tulijua ni kungoja Jumamosi jioni. Bravin, fundi wetu, husema hata kompyuta za hapa zimebatizwa.

Zamani kila kliniki ilijiwekea rekodi zake. Mgonjwa wa kliniki ya Rodi Kopany akifika Homa Bay alianza upya kama mgeni. Orpah, aliporudi kutoka masomo ya kompyuta, aliandika programu ndogondogo za kukusanya rekodi za kila kliniki, kuzisafisha na kuziunganisha katika hifadhidata moja. Yeye aliziita vifurushi. Sisi tukamwita Mama Vifurushi.

Lakini programu nazo huzeeka. Watengenezaji wa hifadhidata ile walitangaza kwamba hawataihudumia tena, na shirika likaamua kuhamia jukwaa jipya. Orpah, Bravin na Liz Nyatichi wa kitengo chetu wakahamisha vifurushi kimoja baada ya kingine. Majaribio yakafaulu, idadi ya wagonjwa ikalingana pande zote mbili. Hema likakodiwa, wageni wakaalikwa kwa uzinduzi.

Siku chache kabla ya sherehe, Orpah alienda kliniki ya Magunga kuona wauguzi wakiujaribu mfumo mpya. Alikuwa ameketi kando ya muuguzi Phelesia mama mmoja alipoingia na homa na kikohozi kibaya. Kwenye skrini, palipo na swali la dawa zinazomdhuru mgonjwa, paliandikwa: Hakuna. Phelesia alikuwa ameshashika sindano ya penisilini mama yule alipourudisha nyuma mkono wake.

“Hiyo hapana, sista. Ilinifurisha uso mwaka ule, na nyinyi wenyewe mliandika.”

Ni kweli waliandika. Kompyuta za kwanza za Magunga hazikuwa na nafasi ya jambo hilo, kwa hiyo wauguzi waliliweka kwenye maelezo ya ziada, na kifurushi cha zamani kilijua kulitafuta huko. Katika kuhamishwa, sehemu hiyo iliachwa nyuma. Jukwaa jipya likakuta nafasi tupu, likajaza lenyewe: Hakuna. Majaribio yalikuwa yamehesabu wagonjwa. Hayakuuliza kinachoweza kuwaua.

Orpah alirudi Homa Bay siku hiyo hiyo akaingia kwa mkurugenzi, Bw. Benard Okinda, akakataa kiti, akamweleza yaliyotokea Magunga. Mimi nilikuwa mle ndani.

“Tuahirishe, sir. Mfumo wa zamani hatuzimi.”

“Orpah, wageni wameshaalikwa. Watu watasema nini?”

“Wageni tutawapa chai. Huyo mama wa Magunga tungempa nini?”

Bw. Okinda akachukua simu na kuahirisha. Wapo waliosema kwamba Mama Vifurushi anakaribia kustaafu na anaogopa kuachana na vitu vyake. Maneno hayo yalimchoma, lakini Liz, aliyemkuta akilia kwenye ngazi, anasema lililomuuma zaidi lilikuwa jingine: kifurushi kile alikiandika mwenyewe, na alikuwa amesahau.

Kwa miezi iliyofuata mifumo miwili ilifanya kazi sambamba, naye akazunguka kila kliniki akiwauliza wauguzi huwa wanaandika wapi mambo yasiyo na nafasi. Walicheka, wakamwonyesha. Migori waliandika nambari ya simu ya jamaa wa mgonjwa kwenye nafasi ya kujaza kazi ya mgonjwa. Kila desturi ikatafutiwa mahali pake, na ambapo muuguzi hajauliza, mfumo sasa unasema wazi: Haijaulizwa. Juu ya kila kifurushi kipya Orpah aliwataka wenzake waeleze, kwa Kiswahili cha kawaida, kwa nini kipo, ili anayekuja asitegemee kumbukumbu ya mtu.

Mfumo wa zamani ulizimwa Februari, bila hema. Palikuwa na chai na mandazi, na Orpah akaongoza sala.

Wiki iliyopita Migori walipiga simu, wamekwama. Orpah alimpa Liz simu kabla hata ya kusikia swali. Liz akasikiliza, akauliza mawili matatu, akawaelekeza hadi wakafaulu. Mama Vifurushi alikuwa dirishani na kikombe chake, akitazama ziwa, na hakugeuka hata mara moja.

Asante, mama, kwa niaba ya wote unaowajua na wengi zaidi usiowajua. Uende salama kwa ng'ombe wako na kwaya yako, Mungu akupe afya na jioni ndefu zenye utulivu. Simu ikilia, tutapokea sisi.

Gisiri Machuki, Kitengo cha Data