Fundi Aliyechagua Difu kwa Kumtazama Dereva

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, fundi mkuu wa karakana yetu anastaafu. Wengi mnamfahamu kwa jina la Masikio, jina alilobandikwa na madereva katika mwaka wake wa pili hapa, na ambalo hata mkurugenzi hulitumia akiwa na haraka. Kamati ya sherehe iliniomba niandike ukurasa mmoja wa kumuaga. Masikio naye akaniita pembeni na kunipa sharti: niandike mambo yalivyokuwa, la sivyo siku hiyo atabaki nyumbani akimwagilia bustani yake.

Alianza kazi kama msaidizi wa kufungua tairi. Wakati huo idara ilikuwa na magari manne ya kupeleka dawa na wauguzi kwenye zahanati zilizo mbali na lami, na yote manne yalikwama kwa zamu. Ufundi aliupata ndani ya shimo la ukaguzi, taa ya mkono kwapani, akiuliza maswali mpaka wakubwa wake wakamkimbia. Hakuwahi kuazima spana akasahau kuirudisha. Mimi, niliyekaa benchi la jirani naye kwa miaka kumi na tisa, siwezi kujisemea hivyo.

Kazi iliyomjengea jina ni ya difu. Kwa ndugu zetu wa ghorofani wasiopenda kuchafua viatu, difu ni lile bumba la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma, linalogawa nguvu kwa gurudumu la kushoto na la kulia. Difu ya kawaida ina tabia moja mbaya. Gurudumu moja likiingia kwenye tope, nguvu yote hukimbilia huko na kuzungusha tope bure, huku gurudumu lililo kwenye ardhi ngumu likikaa tu. Dawa yake ni difu inayofunga, ili magurudumu yote mawili yasukume pamoja. Miaka kumi na miwili iliyopita idara iliamua kununua difu za namna hiyo, na uchaguzi wake ukazua mvutano wa wiki tatu.

Wakubwa walitaka ya kitufe, ambayo dereva huifunga akifika topeni na kuiachia akirudi lamini. Masikio alisema kitufe husahaulika, na gari likirudi lamini difu ikiwa bado imefungwa, ekseli hukatika. Ile nyingine, inayojifunga na kujiachia yenyewe, hakuipigia debe pia. Aliwaeleza bila kupepesa macho kwamba inagonga kwenye kona, inakula tairi, na lami ikiwa na maji, dereva akikanyaga mafuta katikati ya kona, mkia wa gari unaweza kuchomoka. Magari yetu hushinda mjini siku nne kati ya sita, kwa hiyo jambo hilo halikuwa la kupuuza.

Akaomba wiki mbili. Alipanda kila gari, akakaa kiti cha abiria na daftari lake, na wala hakutazama barabara. Alitazama miguu ya madereva. Mwishowe akatoa uamuzi: difu ya kujifunga yenyewe kwa madereva watano wenye mguu mwepesi, ya kitufe kwa wawili wenye kumbukumbu nzuri, na dereva mmoja, ambaye bado tuko naye na anajijua, abaki na difu ya kawaida na koleo la kuchotea tope.

Miezi ya mwanzo tulicheka mpaka mbavu zikauma. Difu ya kujifunga hulia gari linapokata kona, tak, tak, tak, kwa sababu meno yake yanaachia na kushika tena ili gurudumu la nje lipate kuzunguka zaidi. Dereva mmoja aliandika kwenye kitabu cha malalamiko kwamba gari linakohoa na linahitaji kuonwa na madaktari wale wale wanaolipanda. Daktari mmoja alishuka katikati ya barabara na kukataa kata kata kupanda tena. Masikio akawaita wote uani, akawapandisha mmoja mmoja na kuzunguka nao namba nane kwa mwendo wa kutembea, vioo vikiwa chini. "Huo mlio ndio uzima wake," aliwaambia. "Siku ikikaa kimya kwenye kona, shukeni mniite."

Tangu hapo kila gari lililotoka mikononi mwake lilizunguka nane ile, naye akisikiliza. Kwa miaka tisa mfululizo zahanati ya ng'ambo ya mto, iliyo mbali kuliko zote, haikukosa chanjo hata mwezi mmoja. Aliyekuwa akizipeleka mara nyingi ni dereva wa gari namba saba, mama tunayemwita Shangazi kwa jinsi anavyotugombeza sote, na ambaye Masikio alimtaja kuwa na mguu mwepesi kuliko madereva wote aliowahi kukaa nao.

Sasa nafika mahali pagumu. Miaka mitatu iliyopita niligundua kwamba simu ya karakana ikilia, Masikio haigeukii. Akawa anatutazama midomo tunapoongea. Siku moja akaniomba nipande naye kwenye jaribio, akisingizia mgongo. Tulipoingia kwenye kona aliniangalia kwa jicho la wasiwasi, nami nikaelewa. Nikaweka kidole gotini kwake, na kila difu ilipolia nikagonga mara moja. Tangu siku hiyo ndivyo tulivyopima magari, na hatukuwahi kulizungumza. Nilijua fundi asiyesikia ataondolewa karakanani. Alikuwa rafiki yangu, alibakiza miaka michache, nikajikausha. Niliuita huo wema.

Oktoba iliyopita namba saba lililetwa kufanyiwa matengenezo ya difu. Siku hiyo sikuwepo, nilikuwa nimempeleka mama mkwe hospitali. Masikio alizunguka nane peke yake. Kila gari lilipokata kona ya kulia difu haikuachia, na kona nzima ilikuwa kimya. Lakini kwake kona zote zilikuwa kimya. Kompresa ilikuwa ikiunguruma karibu, mtetemo wake ukapanda hadi sakafuni mwa gari, naye akadhani ni meno yanafanya kazi. Akatia saini.

Asubuhi iliyofuata Shangazi aliondoka na muuguzi mmoja na masanduku ya chanjo. Mvua ilikuwa ikipiga paa la gari kiasi cha kutosikia lolote. Kwenye kona ya kulia ya kwanza baada ya mji, gari lilikataa kukata, mkia ukachomoka, likaingia mtaroni. Muuguzi alitoka na michubuko. Shangazi alivunjika nyonga. Amepasuliwa mara mbili, anatembea kwa gongo, na leo anapokea simu pale mapokezi. Hajashika usukani tena.

Masikio aliifungua difu ile kwa mikono yake mwenyewe, akakuta springi moja imekatika. Aliibeba kwenye kitambaa hadi kwa mkurugenzi, akasema, "Sisikii. Huu ni mwaka wa tatu." Jina langu hakulitaja. Tangu siku hiyo hajatia saini gari lolote. Miezi yake ya mwisho ameitumia kuwafundisha mafundi kuchagua difu na kuipima, na utaratibu wa sasa wa watu wawili kupima na wote wawili kutia saini ni wa kwake.

Siku ya nne baada ya ajali tulikwenda kumwona Shangazi wodini. Masikio alisimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi, akaomba radhi. Shangazi akajibu kwa sauti ndogo ya mtu aliyetoka kwenye upasuaji. Masikio akatikisa kichwa na kutabasamu, kama afanyavyo asipopata kitu, kisha akanigeukia. Nikainama sikioni kwake na kupaza sauti mpaka wodi nzima ikatutazama: "Anasema hana kinyongo na wewe! Anasema kusikia si hiari ya mtu!" Alilia pale pale mbele za watu, mzee wa watu, na muuguzi wa zamu akamletea kiti.

Shangazi alikuwa amesema zaidi ya hapo. Alikuwa amenitazama mimi, akasema, "Halafu mwambie na haya ninayokwambia wewe. Nikikaa nyuma yenu kwenye majaribio nilikuwa nakiona kidole chako gotini kwake, nikadhani mnahesabu pamoja. Wewe ulikuwa unasikia. Ulijua, na ukaniacha nipande lile gari. Wewe ndiye sijui nikufanyeje." Hayo sikuyapaza. Niliyameza, tukaaga, tukaondoka.

Tarehe 30 kutakuwa na hotuba nne, na Masikio hatasikia hata moja. Ndiyo maana nimeomba ukurasa huu uchapwe kwa herufi kubwa.

Kaka, maneno ya Shangazi ambayo hukufikishiwa ndiyo hayo hapo juu. Miezi minane umekuwa ukirudi nyumbani ukiamini kosa lile ni lako peke yako, na mimi nimekuacha uamini. Nisamehe. Idara inakushukuru kwa kila gari lililofika na kurudi. Tunakuombea siku nyingi za utulivu pamoja na shemeji na wajukuu, na usingizi usiokatika. Ule mzigo usiubebe wote kwenda nao nyumbani. Nusu yake uache hapa karakanani, ni yangu.