Maji ya Ghuba Yana Saa Zake

Ndugu zangu, wengine wakisimama hapa huanza na wimbo. Mimi leo sina. Mchungaji aliposikia kwamba Jumamosi wanakwaya watapanda boti pale bandarini, wapige picha na vitenge vipya, aliniita pembeni akaniambia, "Papa, wewe utawaambia." Basi nawaambia.

Mnanijua, mimi ni fundi wa injini za malori huko Clairwood, hapa hapa Durban. Mwaka uliofuata Kombe la Dunia lililochezwa hapa nchini, bosi wangu wa zamani alihama mji, akaniachia boti yake ndogo ya matembezi. Aliniachia na neno moja: usiiingize majini kabla hujasoma na kupata cheti cha uendeshaji, ni sheria, na sheria hiyo ina sababu yake. Nikamjibu sharp, sharp, sawa bosi. Moyoni nilicheka. Mimi nimezaliwa Uvira, kando ya ziwa, nilijua kupiga makasia kabla sijajua kuandika jina langu. Mtu gani wa Durban atanifundisha maji?

Mdogo wake mke wangu, shemeji yangu, alikuwa ndiyo kwanza ameoa. Jumapili baada ya harusi, familia ikataka picha za baharini. Mnajua sisi na mambo yetu: kitenge kimoja kwa watu wote, bado kinanukia duka. Nikawapakia mke wangu, shemeji na bibi harusi wake, pamoja na shangazi zao wawili. Majaketi ya kuokoa maisha yalikuwemo, yakawatosha wote, na walikuwa wameshayavaa. Ni mimi niliyesema, "Vueni bwana, mnaficha kitenge." Wakavua. Nikayasukumia chini ya viti.

Katikati ya ghuba iko fungu la mchanga. Tulilikuta limetoka nje kabisa, unatembea juu yake bila kulowesha kiatu. Tukashuka. Nikatupa nanga kwa kamba fupi, kama tulivyozoea nyumbani. Kule ziwani, mtumbwi ukiuacha asubuhi, jioni maji unayakuta palepale. Kwamba bahari inajaa na kupwa nilikuwa nimesikia, ndiyo, lakini kusikia si kujua.

Picha zilipigwa sana. Shangazi walikuwa wanagombania nani asimame mbele. Bibi harusi akasema, taratibu, kwa aibu ya ugeni, "Viatu vyangu vinalowa." Tukamcheka. Shangazi mmoja akamwambia ameolewa na mtu wa maji, azoee. Tulipokuja kugeuka, mchanga ulikuwa umebaki kipande, na boti, maji yameinua nanga yake, inaondoka polepole kuelekea njia ya meli. Majaketi yote yamo ndani.

Shemeji alinitazama. Nikamwambia, "Nenda, wewe unaogelea kunishinda." Maneno hayo nayasikia hadi leo, hata nikiwa nafungua nati kazini. Alikwenda. Mkondo ukachukua boti huku, ukamchukua yeye kule. Sisi tukashikana mikono, maji yakapanda hadi kifuani, mpaka watu wa boti nyingine wakatuona na kuja kututoa. Yeye hakupatikana akiwa hai.

Halafu zikaanza simu za nyumbani. Wazee walisema mtu aliyekulia majini hawezi kuliwa na maji hivihivi, hapo iko mkono wa mtu. Mkono wakautafuta, wakamwangukia yule binti: ameingia tu katika ukoo, ameleta mkosi. Akatolewa nyumbani na begi lake. Mimi nilikuwa nimekaa palepale sebuleni, nikanyamaza. Nitasema ukweli mbele ya Mungu: maneno yale yalinipa nafuu. Kama ni uchawi, basi si mimi.

Nafuu yenyewe haikudumu. Nikaanza pombe. Injini naifunga leo, kesho inarudi imeharibika. Mke wangu alikuwa ananipikia, ananiwekea sahani na kuondoka. Ikaendelea hivyo hadi jioni moja aliponiwekea sahani asiondoke.

"Papa, wewe ndiye ulikuwa unaendesha. Ile maji ilitoka wapi?"

"Sijui."

"Basi nenda ukajue. Bosi alikuambia iko masomo. Ukirudi, utaniambia mdogo wangu alikufa na nini."

Nikaenda. Mwalimu alikuwa mama mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa hapa, mkali. Kabla hatujagusa boti alitufundisha kwamba maji ya ghuba yanapanda na kushuka kila siku, na saa zake zinajulikana tangu mwaka haujaanza. Mvuvi yeyote pale ufukweni angeniambia, kama ningeuliza. Akafundisha kamba ya nanga, kwamba lazima iwe ndefu mara nyingi kuliko kina. Alipofika kwenye majaketi nikatoka nje, nikalia. Alinifuata. "Eish, bhuti," akasema, "kaka yangu, ulimpoteza nani?"

Nilifaulu mtihani, cheti nikapata. Nilimweleza mke wangu yote, akasikiliza mpaka mwisho, akalia, kisha akasema, "Sasa waambie na wao." Nikakusanya familia, simu ya nyumbani iko wazi mezani, nikawaambia: mkono mliokuwa mnautafuta ni huu wangu. Wengine hadi leo hawanisalimu. Wana haki.

Binti nilimfuata mtaa wa Jacobs, alikokuwa amepanga chumba. Nilipiga magoti mlangoni, nikamwomba msamaha. Akasema kitu kimoja tu: "Niliwaambia viatu vyangu vinalowa."

Ndugu zangu, kati yetu sote, yeye peke yake ndiye aliyeyaona maji.

Namshukuru mke wangu, aliyeniuliza swali badala ya kunifukuza. Namshukuru yule mwalimu. Na yule binti, ambaye amekubali niseme haya, yumo humu ndani, anaimba sauti ya kwanza. Msimgeukie, tafadhali.

Jumamosi nitaendesha mimi, saa za maji nimeshaziangalia. Jaketi litavaliwa juu ya kitenge, na asiyetaka atabaki nchi kavu na uzuri wake. Na mtu yeyote, hata awe mgeni wa jana, akisema viatu vyake vinalowa, msicheke. Geukeni mtazame maji.