Mate ya Mtaa Kwenye Friji ya Mangi

Nilikuwa nakuna nazi barazani wakati Idrisa alipotoka ndani kwa mwenye nyumba wetu na uso wa mtu aliyetumwa. Baraza letu hapa mtaani Gerezani linatazamana na kijiwe, na kijiwe chenyewe ni siti ya nyuma ya Coaster iliyokufa, imetolewa gereji ikaegemezwa kwenye ukuta wa duka la Mangi. Nurdin muuza kahawa anaweka jiko na birika lake pembeni, na jioni wanakaa watu walewale. Idrisa wanamwita Spea, kwa sababu anauza vipuri vya magari, vingine vikiwa bado na joto la gari la watu. Mzee Bushiri wanamwita Hakimu. Alikuwa mlinzi wa getini mahakama ya mwanzo, akastaafu na hukumu zote kichwani. Mangi ni Aristides, mtu wa Kilimanjaro, mwenye duka na friji ya soda. Mimi sikai kwenye siti. Nakaa barazani kwangu na mbuzi yangu ya nazi, lakini njia ni nyembamba, nasikia kila kitu, na wao wanajua.

— Mama Nasreen, Bi Shamsa kanituma, — alisema Spea. — Anasema zile chupa za mate za binti yako zimwagwe kabla ya Maghribi. Zisipomwagwa, mtafute pa kuhamia leo leo. Nyumba yake siyo ya kufanyia uganga.

Niliacha kukuna. Nasreen yuko kidato cha pili, na kesho Jumatatu wana somo la vitendo la sayansi. Baada ya swala ya adhuhuri alipita na vichupa vya dawa alivyovichemsha, akaomba watu wateme mate, kila mtu chake. Mangi akakubali kumhifadhia kwenye friji. Kisha mtoto akaenda Kariakoo, maduka ya dawa, kutafuta ayodini. Kwa hiyo hakuwepo kujitetea.

— Uganga gani? — nikauliza. — Ni somo. Hata mimi nimelisoma. Uji wa unga ukiutia ayodini unakuwa wa bluu, unakaribia weusi. Ukiuchanganya na mate kwanza, ukasubiri, haugeuki rangi, kwa sababu mate yameshaanza kuuvunja unga kuwa sukari. Basi.

— Enzi zako mlitema mate ya nani? — akauliza Hakimu.

— Yetu wenyewe.

— Umesikia? Yenu wenyewe. Sasa hawa wa leo wanataka yangu mimi mzee wa watu. Kwa nini?

— Mwalimu wao anataka ya mtoto, ya mtu mzima na ya mzee, walinganishe ya nani yanafanya kazi haraka.

— Hapo ndipo penye mchongo, — alisema Spea, akakaa na kuchukua kikombe. — Nisikilizeni. Mate ndiyo DNA. Mtu akishika mate yako amekushika ukoo mzima. Huyo mwalimu kapewa oda.

— Oda na nani?

— Wewe Mangi uko dukani tu, hujui dunia. Kuna watu wananunua. Kesho unasikia mtoto yuko Mbagala, ana miaka kumi na mbili, mate yake na ya Hakimu sawasawa.

Nurdin alicheka peke yake. Hakimu hakucheka.

— Mimi nilitema, — alisema polepole. — Nilitema mengi. Yule binti alinisalimia vizuri, shikamoo babu, nikajisahau. Wahenga walisema akiba haiozi. Mate yangu yarudi.

— Akiba haiozi inaingiaje hapo, mzee? — aliuliza Nurdin.

— Inaingia. Yakikaa kwa mwalimu hayaozi. Miaka kumi baadaye bado ananishika.

— Kwani una nini Mbagala, Hakimu? — aliuliza Spea.

— Sina kitu Mbagala. Nakwambia sheria. Nimekaa getini pale, nimeona watu wazima wanalia kwa sababu ya kitu kidogo kuliko mate.

Aristides naye alikuwa na yake. Yeye haamini habari za ukoo, anaamini biashara.

— Mimi naona ni kampuni za vinywaji. Wanapima nani anakunywa nini. Mwezi ujao bei ya soda inapanda mtaa huu tu, mitaa mingine iko palepale.

— Mangi, wewe hata ukifiwa utasema ni kampuni za vinywaji, — alisema Nurdin.

— Lisemwalo lipo.

— Umelisema wewe mwenyewe sasa hivi.

— Ndiyo, na sasa lipo.

— Achaneni na soda, — alisema Spea. Alishusha sauti kama mtu anayeuza taa ya gari la jirani. — Siku hizi simu inafunguka kwa uso, sawa? Kesho itafunguka kwa mate. Mwenye mate yako anafungua simu, anafungua benki, anaoa kwa jina lako. Wewe unakuja kushtuka una mke Tanga na anadai matumizi.

— Na huyo mke wa Tanga ukimkana, — akaongeza Hakimu, — mahakama inaleta kichupa.

Nilikuwa nimeshachoka. Nazi ilikuwa haijakamuliwa, maharage yako jikoni, na saa za Maghribi haziwasubiri watu wa kijiweni.

— Hakimu, — nikamwambia, — tangu nimeanza kukuna nazi hii umetema tambuu hapo chini mara ngapi? Mwalimu akitaka mate yako si angekuja tu na kijiko?

— Hayo ya chini hayana jina, Mama Nasreen. Ya kwenye chupa yana karatasi.

Mtu wa mtaani anaogopa kitu kikishaandikwa.

Nilisimama nikajifuta mikono kwenye kanga. Moyoni nilikuwa nimeshaamua. Somo la vitendo likimpita mtoto, atapewa adhabu, atalia, ataendelea. Chumba na sebule Gerezani kikikupita, hukipati tena, na usiku huo huo unalala na watoto barazani kwa watu. Nikavuka njia.

— Mangi, nitolee hivyo vichupa. Nakwenda kuvimwaga.

— Ndiyo maneno hayo, — alisema Hakimu. — Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Aristides alifungua friji akaanza kuvitoa kimoja kimoja katikati ya soda, amevishika kwa ncha za vidole. Vilikuwa na karatasi ndogo alizogundisha Nasreen. Mtoto. Mtu mzima. Babu. Hakimu alikinyakua hicho cha babu akakitia mfuko wa shati.

— Na hiki? — alisema Aristides. — Kimeandikwa Bibi.

— Bibi gani?

— Bibi nani tena hapa. Bi Shamsa. Nilimwona mwenyewe anatema mlangoni kwake, anacheka, anamuuliza mtoto kama yanatosha au aongeze.

Spea aliweka kikombe chini.

— Bi Shamsa katema?

— Kakijaza.

— Sasa mbona kanituma kwamba ni uganga?

— Labda kashtuka baadaye kama mimi, — alisema Hakimu. Lakini alisema taratibu, siyo kwa sauti ya hukumu.

Tulikuwa bado tumekizunguka kile kichupa alipofika mwanamke mgeni, ana mkoba mkubwa begani na sufuria zimefungwa kwa kanga. Akasimama mbele ya duka.

— Habari za jioni jamani. Mimi naitwa Severa. Naulizia kwa Bi Shamsa, mwenye nyumba.

— Mlango ule wa kijani, — alisema Nurdin. — Una shida gani naye?

— Nimekuja kwenye chumba na sebule. Kaniambia kinakuwa wazi leo Maghribi.

Chumba na sebule ndicho changu.

— Kakwambia lini? — nikamuuliza.

— Ijumaa. Nilikuja na dada yangu tukaongea, akasema waliomo wanahama Jumapili. — Akatutazama mmoja mmoja, kisha akatazama vichupa mkononi mwa Aristides. — Kwani hao wanaohama wamefanya nini?

Chumba kimeahidiwa Ijumaa. Mate yalitemwa leo mchana. Spea aliangalia viatu vyake. Aristides aliangalia soda. Nurdin aliinamisha birika, yakatoka matone machache ya mwisho na mashapo.

— Mangi, — alisema Hakimu hatimaye, — rudisha hivyo vitu kwenye friji.

Akatoa na kile chake mfukoni, akakitazama kidogo, akakikabidhi.

— Spea, wewe umeleta ujumbe. Peleka majibu.

— Mzee, fremu yangu ni ya huyo bibi. Unataka kesho niuze vipuri njiani?

— Basi twende wote. Akitaka kufukuza, atufukuze kwa pamoja.

Wakaenda watatu, Nurdin akabaki na vikombe vyake. Sikuwafuata; nilikwenda kukamua nazi. Kupitia ukuta nilimsikia Bi Shamsa anasema alieleweka vibaya, kwamba alikuwa na wasiwasi na watoto tu, kwamba kuhusu chumba tutazungumza mwezi ujao. Nimeliweka hilo neno la mwezi ujao mahali pake. Mtu aliyewahi kutabasamu akitema halafu akaita uganga, simwachii mlango wazi.

Severa alibaki barazani na sufuria zake.

— Chumba chenye watu ndani mimi sikitaki, — aliniambia. — Nitarudi kwa dada. Ila mabasi saa hizi yamejaa, ngoja nipumzike kidogo.

— Utakula kwanza.

Nasreen alirudi na mdogo wake Ridhiwani, ayodini iko kwenye mfuko mweusi. Sikumweleza kitu. Bakili, mume wangu, aliingia baada ya swala akiwa bado na vumbi la magunia ya sokoni mabegani. Mtoto akamwekea kichupa kitupu mbele yake.

— Baba, nimekosa cha mwanaume anayefanya kazi nzito. Tema hapa.

Bakili alikichukua, akakigeuza, akakitazama kwenye taa muda mrefu.

— Kwani yanaonyesha nini?

— Tema, — nikamwambia.

Akatema. Nikapakua wali na maharage. Bakili, Nasreen, Ridhiwani, na mdogo wao Shukuru aliyekuwa anasinzia juu ya mkono wa Severa. Niliwahesabu, nikawahesabu tena, wote wapo. Nikaenda nikatia komeo mlangoni, ndipo nikakaa kula.